Benjamin Graham, mutu mwenye alifundisha kupima bei ya kampuni kwa faida yake

Pakiti ya biskuti, kopo ya sardini, chokoleti, mayonezi: nyuma ya kila chakula chenye kufungwa kwenye rafu ya butike kuna kampuni. Kampuni nyingi kubwa za chakula za Ulaya na Marekani zimekatwa vipande vidogo vinavyoitwa hisa, zile wengi huku wanaita aksio. Vipande hivyo vinauzwa na kununuliwa kila siku ya kazi. Swali la mununuzi ni lilelile la mutu anayesimama mbele ya mbuzi sokoni: bei wanayoomba inalingana na kitu chenyewe, ao hapana?

Benjamin Graham alitafuta jibu la swali hilo maisha yake yote. Alikufa mwaka wa 1976, lakini hesabu aliyofundisha ingali inatumiwa kila siku na watu wanaonunua hisa. Yeye hakuanza kuitafuta juu ya kupenda utajiri tu. Alianza akiwa mutoto, kwa sababu soko la hisa lilikula franga za nyumbani kwao.

Mutoto wa mujane

Alizaliwa London, Uingereza, tarehe 9 Mei 1894, katika familia ya Wayahudi. Jina lake la kwanza lilikuwa Benjamin Grossbaum. Alipokuwa na mwaka mumoja, wazazi walihamia New York, Marekani. Baba alikuwa anauza vyombo vya udongo mweupe na vitu vya kupamba nyumba kutoka ngambo. Biashara ilienda vizuri, na nyumbani kulikuwa watumishi.

Mwaka wa 1903 baba alikufa. Ben alikuwa na miaka 9 hivi. Mama, Dorothy, alibaki na vijana watatu na biashara yenye hakuijua vizuri. Biashara ilianguka. Akafungua nyumba ya kupangisha wageni, nayo ikaanguka. Kisha akafanya kile watu wengi wa New York walikuwa wanafanya: alinunua hisa za kampuni ya chuma ya U.S. Steel, tena kwa franga za kukopa. Mwaka wa 1907 soko liliporomoka kwa ghafula. Mwenye kununua kwa deni hana nafasi ya kungojea bei ipande tena, kwa maana mukopeshaji anataka franga zake palepale. Akiba ya mama ikaisha. Vitu vya nyumba vikauzwa kwa mnada mbele ya watu, na familia ikaenda kuishi kwa ndugu.

Siku moja mama alimutuma Ben ku banki na cheki kidogo. Kijana akasikia mufanyakazi mumoja anamuuliza mwenzake kama yule mama ni wa kuaminiwa hata kwa dola 5. Hakuisahau siku ile mupaka uzee wake.

Ben aliuza magazeti na kufundisha wenzake hesabu ili kusaidia nyumbani. Masomoni alikuwa wa mbele. Alipoomba msaada wa masomo katika Chuo Kikuu cha Columbia, biro ya chuo ilichanganya jina lake na la binamu yake mwenye jina hilohilo la familia, na nafasi yake ikachelewa. Aliingia mwaka wa 1911. Mwaka wa 1914 alimaliza akiwa wa pili katika darasa lake. Hata kabla ya kumaliza, idara 3 zilimuita aje kufundisha: Kiingereza, hesabu na filozofia.

Alizikataa zote. Nyumbani kulikuwa na shida, na mushahara wa mwalimu kijana ulikuwa mudogo. Mukubwa mumoja wa chuo akamuelekeza Wall Street, ule mutaa wa New York wenye soko la hisa. Alianzia chini kabisa kwa dola 12 kwa juma.

Soko la uvumi

Wakati ule, watu wenye kujiheshimu walikuwa wananunua hati za deni: unakopesha kampuni ya treni ao serikali franga zako, wanakulipa riba kila mwaka, mwishoni wanakurudishia zote. Hisa zilikuwa kama muchezo wa karata. Watu walinunua kwa kufuata uvumi: fulani amenunua, fulani anauza, bei itapanda wiki ijayo. Wachache sana walikuwa wanafungua vitabu vya hesabu vya kampuni.

Graham, mwenye alibadilisha jina la familia wakati wa vita ya kwanza ya dunia juu majina yenye kusikika kama ya Kijerumani yalikuwa yanachukiwa, alifungua vile vitabu. Mwaka wa 1926 alikuwa Washington, ndani ya biro ya serikali yenye kampuni za mabomba ya petroli zilipashwa kuweka ripoti. Pale akasoma kuhusu Northern Pipeline. Hisa yake ilikuwa inauzwa dola 65 hivi. Lakini ndani ya kampuni mulikuwa hati za deni za treni na mali nyingine ya kuuzika haraka, yenye thamani ya dola 95 hivi kwa kila hisa. Ni sawa na kuuziwa gunia kwa dola 65, huku ndani ya gunia muna dola 95.

Graham alinunua, kisha akaomba wakubwa wa kampuni wagawie wenye hisa ile mali isiyofanya kazi. Walimuona kama kijana asiyejua kitu. Akazunguka kwa wenye hisa wengine mumoja mumoja, mupaka mwaka wa 1928 akaingia katika baraza la kampuni. Mwishoni wenye hisa walirudishiwa dola 70 kwa kila hisa.

Mwaka huohuo alianza kufundisha jioni katika Columbia, chuo chake cha zamani. Alikuwa na miaka 34, ana nyumba kubwa, ana mufuko wa franga za watu anaouongoza pamoja na mwenzake Jerome Newman. Mambo yote yalikuwa yanapanda.

Mwaka wa 1929

Mufuko ule ulikuwa na dola milioni 2 na nusu mwanzoni mwa 1929. Mwezi wa kumi soko la New York likaanguka. Graham alikuwa mwangalifu kuliko wengi, lakini alikuwa ameweka pia franga za kukopa ndani, kosa lilelile la mama yake. Mwaka wa 1930 aliwaza kwamba ubaya umekwisha, akanunua tena. Mwaka ule mufuko ukapoteza nusu ya kile kilichokuwa kimebaki. Kufikia 1932, asilimia 70 ya franga zile ilikuwa imekwenda.

Familia ilihama kutoka nyumba ya kifahari. Muke wake alirudi kufundisha dansi. Graham na Newman walikuwa wamepatana kwamba hawalipwi kitu mupaka hasara ya wateja ijazwe, na walifanya kazi miaka 5 hivi bila mushahara kutoka ule mufuko. Hawakuukimbia. Walirudishia watu hasara yao.

Katika miaka ile mibaya ndipo alipoandika. Mwalimu mwenzake David Dodd alikuwa anakuja darasani na kuandika kila kitu Graham alisema. Kutoka daftari zile kikatoka kitabu Security Analysis, mwaka wa 1934. Wakati ule wengi walikuwa wameapa hawatagusa tena hisa. Graham na Dodd walifundisha kwamba hisa ni kipande cha kampuni ya kweli, na kampuni inaweza kupimwa.

Mashini ya kusaga na kampuni ya biskuti

Kipimo kimoja katika mafundisho yake kinaeleweka vizuri kwa mutu yeyote mwenye amewahi kufikiria kununua mashini ya kusaga unga, ile moulin ya kwetu. Mwenye mashini anaomba dola 3.000. Kisha kutoa mazutu, mushahara wa kijana anayesaga, vipuri na kodi, mashini inabakisha dola 600 kwa mwaka. Gawanya 3.000 kwa 600: unapata 5. Ni kusema unalipa faida ya miaka 5. Mwingine akikuuzia mashini ya namna ileile kwa dola 6.000, unalipa faida ya miaka 10. Namba hiyo, bei iliyogawanywa kwa faida ya mwaka, njo kipimo cha bei kwa faida.

Kwa kampuni ya chakula hesabu haibadilike. Chukua mufano wa kampuni ya biskuti iliyokatwa hisa 1.000.000. Mwaka huu imebakisha faida ya dola 2.000.000 kisha kulipa kila kitu. Kila hisa ina faida ya dola 2. Kama hisa moja inauzwa dola 30, gawanya 30 kwa 2: ni mara 15. Ukigeuza hesabu, dola 2 juu ya dola 30 ni karibu asilimia 7 kwa mwaka. Graham alipenda kugeuza namna hiyo, ili kulinganisha na riba ya kukopesha franga kwa usalama. Kama hati za deni zinalipa asilimia 7 bila hatari kubwa, kwa nini uhangaike na biskuti?

Kampuni za chakula cha kufungwa zinapendwa sokoni. Mutu anaweza kuahirisha kununua gari, lakini watoto watakula biskuti hata mwaka wa shida. Jina likishazoeleka, mama ananunua lile tu bila kuuliza bei ya lingine. Faida haipande sana, lakini haianguke sana. Njo maana wanunuzi wanakubali kulipa mara 20, hata mara 25. Graham alikuwa anaogopa penye watu wote wanapenda. Kampuni nzuri, alifundisha, inaweza kuwa kitu kibaya cha kununua kama bei imepita kipimo. Katika kitabu cha 1934 aliweka mupaka wa mara 16 hivi. Katika kile cha pili, The Intelligent Investor cha mwaka wa 1949, chenye aliendelea kukirekebisha, alimushauri mununuzi mwangalifu asipite mara 15.

Lakini mara 15 ya faida gani? Hapa njo kuna kiini cha mafundisho yake. Rudi kwenye mashini ya kusaga. Mwaka mumoja mashini ya jirani iliharibika, na wanunuzi wote wakakuja huku. Faida ikapanda mupaka dola 1.500. Muuzaji mwerevu atakuonyesha daftari ya mwaka ule peke yake: bei 3.000, faida 1.500, mara 2 tu! Unafikiri umepata bahati. Mwaka unaofuata jirani anatengeneza mashini yake, na wewe unabaki na dola 600. Graham hakukubali faida ya mwaka mumoja. Alitaka wastani wa miaka 7 ao 10, na kila faida iliyokuja mara moja tu itolewe katika hesabu. Kisha hata hapo alitaka kulipa chini ya kile hesabu inaonyesha, ili kama amekosea kidogo asiumie. Nafasi ile kati ya bei na thamani aliiita kwa jina lenye kumaanisha ukingo wa usalama.

Mwanafunzi na sanduku za chokoleti

Mwaka wa 1950 kijana mumoja kutoka Nebraska aliingia Columbia juu ya kumufuata Graham: Warren Buffett. Alimaliza, akaomba kazi kwa Graham, akakataliwa. Alirudi kwao, akaendelea kuandika barua, na mwaka wa 1954 Graham akamuchukua. Walifanya kazi pamoja miaka miwili. Mwaka wa 1956 Graham alifunga kampuni yake, akahamia California, akafundisha huko.

Mwaka wa 1972, Buffett na mwenzake Charlie Munger walinunua See's Candies, kampuni ya California yenye kutengeneza chokoleti na kuziuza ndani ya sanduku zake nyeupe. Bei: dola milioni 25. Faida kisha kodi: karibu milioni 2. Ni kama mara 12, bei ambayo kwa kipimo cha mwalimu ilikuwa inakubalika. Lakini mali ya kushikika, mashini na stoki, ilikuwa ya thamani ya dola milioni 8 tu. Graham, mwenye alizoea kutafuta gunia lenye franga kuliko bei yake, angesita. Buffett alikuwa amenunua kitu chenye hakionekane ndani ya stoki: watu waliokuwa tayari kulipa zaidi kwa jina lile. Miaka 11 kisha, faida ilikuwa imefika dola milioni 13 kwa mwaka. Kwa bei waliyolipa, hiyo ni chini ya mara 2.

Hapo mwanafunzi alionyesha kitu chenye kipimo cha mwalimu hakisemi peke yake. Namba inasema unalipa faida ya miaka mingapi. Haisemi kama faida yenyewe itakua ao itakauka.

Graham hakukataa kujifunza. Katika miaka yake ya mwisho alikuwa anashauri njia nyepesi: kununua hisa za kampuni nyingi, 30 hivi, zenye bei ya chini, kama mara 7 ya faida kwa hali ya wakati ule, na zenye mali yao wenyewe isiyopungua nusu ya mali yote. Mali nyingine, ile ya deni, ilikuwa inamukumbusha 1907 na 1929. Maisha ya nyumbani kwake hayakuwa mepesi: alizika mutoto wake wa kwanza mwaka wa 1927, akaoa mara tatu. Alikufa tarehe 21 Septemba 1976, mjini Aix-en-Provence, Ufaransa, akiwa na miaka 82.

Mutihani kisha kifo chake

Mutihani mukubwa wa mafundisho yake kwa kampuni za chakula ulikuja miaka 40 kisha, tena ndani ya nyumba ya mwanafunzi wake. Mwaka wa 2015, Buffett alikuwa mumoja wa wale waliounganisha Heinz, ya ketchup, na Kraft, ya jibini na vyakula vingine vya pakiti. Ikazaliwa Kraft Heinz, moja ya kampuni kubwa za chakula za dunia.

Mwishoni mwa 2017 hisa yake ilikuwa inauzwa karibu dola 78. Faida iliyoandikwa ya mwaka ule ilikuwa karibu dola 9 kwa hisa. Mutu wa haraka anagawanya: chini ya mara 9. Bei chini sana kwa kampuni yenye majina yanayojulikana namna hiyo! Lakini sehemu kubwa ya faida ile ilitoka kwa sheria mupya ya kodi ya Marekani, yenye ilipunguza deni la kodi la kampuni mara moja tu. Ni mashini ya jirani iliyoharibika. Ukitoa ile bahati ya mwaka mumoja, faida ya kazi yenyewe ilikuwa karibu dola 3 na nusu kwa hisa, na bei ilikuwa mara 22. Juu ya hapo kampuni ilikuwa na deni kubwa, na wanunuzi wa Marekani walikuwa wameanza kuacha majina ya zamani.

Mwezi wa pili 2019 kampuni ilitangaza kwamba inapunguza thamani ya majina yake na mali nyingine kwa dola bilioni 15,4. Kwa siku moja hisa ilishuka kutoka dola 48 hivi kufika 35, na gawio la wenye hisa likakatwa. Hesabu ya 2018 ilionyesha hasara, na penye hasara kipimo cha bei kwa faida hakifanyi kazi tena: hakuna faida ya kugawanyia. Buffett mwenyewe alikubali mbele ya watu kwamba walilipa bei kali kupita kiasi kwa Kraft.

Ketchup ilikuwa ingali inauzwa, viwanda vilikuwa vingali vinafanya kazi. Kilichokosewa ni bei.

Wakaaji wengi wa Kivu, Ituri ao Maniema hawatanunua hata siku moja hisa ya New York. Lakini swali la Graham halikai New York peke yake. Mwaka wa 1991, Bindo Promotion ilipoanguka Kinshasa, maelfu ya watu walikuwa wameleta franga zao kwa sababu jirani alikuwa amelipwa vizuri mwezi uliopita. Kwa Graham, malipo ya mwezi mumoja hayakuwa jibu. Mutu akimuletea nafasi ya kuingiza franga, angeuliza mambo manne: faida inatoka kwa kazi gani, imekuja kwa miaka mingapi, ninalipa mara ngapi, na deni ni la nani. Mama Dorothy hakupata wa kumuulizia hayo kabla ya 1907. Kijana wake alitumia miaka karibu 70 kuyaweka katika hesabu ya kugawanya, yenye mwanafunzi wa sekondari anaweza kuimaliza kwa kalamu moja.